Kombe la Mkono Mmoja

Kombe tulilolishindania kwetu lilikuwa na mkono mmoja. Makombe mengine yote niliyowahi kuyaona, kwenye magazeti, kwenye televisheni ya pale senta, hata yale ya plastiki ya mashindano ya shule, yana mikono miwili, kushoto na kulia, kama mtu aliyejishika kiuno. La kwetu lilikuwa na mmoja tu, upande wa kulia, umepinda vizuri kama shingo ya bata. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, wala kovu la kitu kilichong'oka.

Kwa hiyo timu iliyolitwaa haikuwahi kufurahi kwa amani. Nakumbuka nikiwa darasa la nne, Nyakasimbi tumewafunga Kaisho, vijana wetu wanalizungusha uwanjani, na mashabiki wa Kaisho wamejipanga pembeni wanapiga kelele.

"Wapeni na majani ya chai!"

"Jamani, sukari mnayo? Tuwaazime?"

Mama mmoja wa kwetu, mwenye mtoto mgongoni, akawajibu, "Na nyie mnaoondoka bila hata kunywa, safari njema!"

Hata hivyo ule mkono mmoja ndio ulioleta desturi. Washindi walilijaza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kapteni wao akaonja kwanza, kama mwenye nyumba anavyoonja kabla ya kumpa mgeni ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha akampa kapteni wa walioshindwa. Baada ya hapo likazunguka kwa wote. Unalishika kwa mkono wa kulia, unapiga funda moja, unamgeuzia mwenzako mkono wa kombe naye aushike. Wachezaji waliookoka walitiliwa juisi ya ndizi kabla haijachachuka, na palikuwa na ubishi kila mara kama kweli haijachachuka. Kombe lenye mikono miwili halipokezaniki namna hiyo.

Lilikuwa la zamani kuliko wilaya ya Kyerwa. Lilipoanza, Mabira na Kaisho zilikuwa Karagwe pamoja nasi. Wilaya ilipogawanywa, kombe liliendelea kuvuka mpaka, likibebwa kichwani au kwenye pikipiki.

Limetoka wapi? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema lililetwa na padri mzungu. Wengine walisema ni mfanyabiashara wa kahawa wa Bukoba, aliyelinunua nje ya nchi. Watu wa Kaisho walisema lilikuwa na mikono miwili, wa pili ulikatwa na mashabiki wa Mabira kwenye ugomvi. Watu wa Mabira walisimulia hivyohivyo, ila mkataji alikuwa wa Kaisho.

Nilisoma historia chuo kikuu. Nilirudi nyumbani na shahada, bila ajira, na tabia ya kumuuliza kila mtu, "Umejuaje?" Nilimuuliza katekista, nilimuuliza bwana afya, nilimuuliza muuza mbolea. Mama alikuwa akisema, "Huyu hata akiambiwa mvua inanyesha, mpaka atoke nje alowe."

Baba yangu, tuliyemwita Tata kama kila mtoto wa kwetu anavyomwita baba, alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, karai, mirija ya kumiminia mafuta, alitia viraka kwenye sufuria, na alirekebisha mabomba ya kunyunyizia dawa kwenye kahawa. Mwaka niliorudi alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali walikuwa wameshamwambia ukweli, naye alituambia sisi kwa sentensi moja, akaendelea kugongagonga bati zake, polepole kuliko zamani.

Habari ya kombe jipya ilitufikia tukiwa kwenye kibanja nyuma ya nyumba, tunaitegemeza migomba iliyoelemewa na mikungu. Jirani alipita akasema kamati ya mashindano imeamua kununua kombe la kisasa, lenye mikono miwili na mfuniko, kama lile la ligi kuu. Lile la zamani litatolewa. Jirani akaenda zake. Tata akabaki ameushika mti wa kutegemezea, hausimiki.

"Lile nimelitengeneza mimi," akasema.

"Lipi, Tata?"

"Kombe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza. Mwalimu aliyeanzisha mashindano alimjia akamwomba amtengenezee kombe, kwa kuwa la dukani lilikuwa ndoto tu. Tata hakuwahi kuona kombe. Alikuwa na kipande cha gazeti, kilichofungiwa misumari kutoka Bukoba, chenye picha ya kapteni wa mabingwa wa ligi kuu amekumbatia kombe lao. Akaibandika ukutani akaanza kazi. Mwili wa kombe aliutoa kwenye tangi la bomba la zamani la kunyunyizia kahawa, la shaba nyeupe kwa nje, nyekundu ukilikwangua. Kitako alikichonga kwenye kipande cha mtumbwi uliopasuka, ile mitumbwi ya kukamulia ndizi za pombe. Na kwenye picha ile, kapteni alikuwa ameliegemeza kifuani, mkono wake umefunika upande mzima wa kushoto.

"Niliona mkono mmoja," Tata akasema. "Nikafikiri ndivyo yalivyo."

"Halafu?"

"Halafu wakalitoa uwanjani. Watu wakacheka. Na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, nikacheka nao."

Mwalimu yule alimhurumia, akawaambia watu kombe limetoka mbali. Kuanzia hapo Tata hakusema tena. Mwalimu alishafariki. Ndugu zangu hawakujua, mimi sikujua.

"Sasa unataka nini, Tata?"

Aliusimika ule mti kwanza, akaukandamiza kwa mguu. "Mimi sijui kusema kwenye vikao. Wewe umesoma. Nenda ukawaambie lisitupwe. Waliweke ofisini, hata kwenye kona. Na wajue ni mimi. Wacheke, lakini wajue."

Mtoto mwingine angesema ndiyo. Mimi nilimuuliza, "Kuna mtu mwingine anayejua?"

Akatupa jicho upande wa jikoni, kisha kwangu. "Wewe sasa unajua."

"Mimi umeniambia wewe, Tata. Huo si ushahidi."

Hakukasirika. Alisema tu, "Basi tafuta."

Nikatafuta kweli, wiki tatu nzima. Nilimwandikia rafiki yangu aliyebaki chuoni apekue magazeti ya zamani maktaba. Alinitumia picha kwenye simu, nyingi, na kutokana nazo nilijifunza kwamba hata kombe la ligi kuu si moja. Kwenye picha za miaka fulani lilikuwa kama chungu chenye mfuniko, baadaye jembamba na refu, baadaye tena tofauti kabisa, na mara nyingi umbo jipya lilikuja na mdhamini mpya. Hakuna aliyeonekana kulilia lililotangulia. Lakini picha ya kapteni aliyefunika upande wa kushoto haikuwemo. Rafiki yangu aliniambia majalada mengi yana mapengo, miezi mizima haipo. Mimi niliandika kwenye daftari langu: haikupatikana.

Nilipanda bodaboda mpaka Mabira kumtafuta kapteni wa zamani, mzee sasa, mwenye ng'ombe wachache. Nilimwamkia shikamoo, akaniletea buni za kutafuna kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nililibeba kichwani kutoka Kaisho mpaka hapa kwa miguu," akasema. "Nilikuwa naangalia njia. Sikuliangalia kombe."

"Hukuwahi kujiuliza limetengenezwa na nani?"

"Binti, umetoka Nyakasimbi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, kuuliza habari za sufuria?" Akamgeukia mkewe. "Wewe, njoo umwone msomi!"

Wote wakacheka, mimi pia. Alichokumbuka ni kwamba lilikuwa zito chini. Niliandika hilo nalo. Nilimuuliza mwalimu mkuu, nilimuuliza katibu wa kamati, nilimuuliza muuza duka aliyezeeka kuliko duka lake. Hakuna aliyejua kitu. Na kadiri walivyozidi kutojua ndivyo mimi nilivyozidi kuwa na shaka, kana kwamba kutojua kwao kulikuwa habari ya uhakika kuhusu baba yangu.

Kikao kilifanyika mchana kwenye darasa la shule ya msingi. Wajumbe walitoka pande zote mbili, Karagwe na Kyerwa. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Muleba, mtu mpole, anayependa mambo yaende haraka. Kombe lilikuwa juu ya meza ya mwalimu. Tata alivaa koti lake la kanisani, ambalo sasa lilikuwa limemzidi, akakaa nyuma kabisa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamemfika kifuani.

Nilipoitwa nilisimama na daftari. Nataka niseme wazi nilichokuwa nacho moyoni, maana nimejiuliza sana tangu siku ile. Niliogopa waseme nampendelea baba yangu. Nilitaka wanione mtu wa haki. Hilo tu.

Nikaeleza hadithi ya padri, nikaonyesha kwa nini haina msingi. Nikaeleza ya mfanyabiashara wa Bukoba, nikaivunja pia. Nikawaonyesha upande wa kushoto wa kombe, kwamba hauna kovu, kwa hiyo hakuna mkono uliowahi kukatwa, na mjumbe wa Kaisho na mjumbe wa Mabira wakatazamana kama watu walionyang'anywa ugomvi wao. Watu walikuwa wananisikiliza. Nilianza kuipenda sauti yangu.

"Na baba yangu anasema alilitengeneza yeye," nikasema.

Vichwa vikageuka nyuma. Tata akainamisha macho kama kijana anayeposa.

Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje, binti? Ni kweli?"

Nilikuwa naweza kusema ndiyo. Nilikuwa naweza kusema sijui, na ingetosha. Nikafungua ukurasa. Nikasema fundi anayetengeneza karai za mikono miwili kila wiki asingetoa kombe la mkono mmoja. Nikasema kama mwili wa kombe ungekuwa tangi la dawa ya kahawa, watu waliolinywea miaka yote hii wangeumwa, na sijasikia aliyeumwa. Nikasema sijampata shahidi hata mmoja.

"Kwa hiyo?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa hiyo inawezekana mzee anachanganya na kazi nyingine. Ni mgonjwa."

Nje watoto walikuwa wanafagia, ufagio ukisugua changarawe. Mwenyekiti akamuuliza Tata kwa heshima, "Mzee wangu, unasemaje?"

Tata alisimama kwa shida, dawati likamganda. "Binti ameshasema," akajibu, akakaa.

Waliamua kwa kunyoosha mikono. Kombe jipya linunuliwe, la zamani litolewe kama vifaa vingine chakavu. Mjumbe mmoja alisema lingefaa kuwekewa maua, wenzake wakacheka kidogo, wakahamia kwenye suala la nyavu za magoli.

Njia ya kurudi kwetu ina mlima. Tata alipumzika mara mbili, nami nikasimama pembeni nikishika daftari. Nilingoja anigombeze. Mara ya pili, akiwa bado anahema, akasema, "Umesema vizuri. Wote walinyamaza kukusikiliza." Nilimtazama nione kama ananisimanga. Hakuwa ananisimanga. Alikuwa anajivunia.

Fainali ilichezwa miezi miwili baadaye, Kaisho. Yeye alikuwa ameshaacha kugonga bati na hakuweza kwenda, mimi nilikwenda. Kombe jipya lilimeremeta. Mabira walishinda, wakaondoa mfuniko, wakamimina rubisi kama kawaida, na kabla kapteni hajaonja ikaanza kumchuruzika kwenye viatu. Chini palikuwa na skrubu iliyounganisha kombe na kitako, na tundu lake halikuzibwa. Uwanja mzima ulicheka. "Limeokoka hilo, halinywi!" mtu alipiga kelele. Wakaishia kunywa kwenye vikombe vya plastiki, kila mtu na chake.

Nilimsimulia Tata jioni ile nikitaka acheke. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Limevujia wapi?" akauliza.

"Chini, kwenye skrubu."

Akafikiri. "Wangetia lehemu kwa ndani," akasema. Hakuzungumza tena habari za makombe mbele yangu. Alifariki mvua za vuli zilipoanza.

Watu walikuja, walilia, waliimba, walipika, wakaondoka. Siku waombolezaji wa mwisho walipotuaga, nilibaki jikoni na mama, tunamenya ndizi zilizokuwa nyingi mno kwa watu wawili. Mama akainua sufuria moja kubwa, nyeusi, yenye madoa ya kijani yasiyotoka, akaitazama, akaiweka chini.

"Hii aliniharibia kwa sababu ya kombe lake," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kisu kikanisimama mkononi. "Kombe gani?"

"Kombe si moja? Lile tangi lilikuwa na dawa. Tukalichemsha na majivu ya maganda ya ndizi siku tatu, maji tunamwaga, tunaweka mengine. Sufuria yangu ya harusi, jamani, waitu. Alipomaliza kuliunga, akataka kuonja yeye. Nikamwambia hapana, wewe ukifa nani atatengeneza jingine? Nikanywa mimi. Akakaa ananitazama mpaka jua likazama, kama kuku aliyepotelewa." Akacheka, halafu akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye utomvu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa nauliza kila mtu!"

"Ulikwenda Mabira," akasema. "Mimi nilikuwa hapa."

Niliacha ndizi nikaenda kwa mwenyekiti siku ileile. Alinipa kiti, akanipa pole tena, akanisikiliza bila haraka. Kisha akafungua jalada akanionyesha muhtasari wa kikao. Maneno yangu yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko mzuri sana, zile hoja tatu, na chini yake: mtoa hoja alieleza kuwa huenda mzee anachanganya kwa sababu ya ugonjwa.

"Naweza kuongeza mstari," akasema. "Niandike nani amesema?"

"Mama yangu."

"Hakuwepo kwenye kikao."

"Mimi nilikuwepo na sikujua lolote."

Akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Akaniuliza kama nataka mstari uwekwe hata hivyo, nikasema ndiyo, akaandika pembeni kwa penseli. Nikamuuliza kombe liko wapi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishapita. Shaba ndiyo wanayoitafuta zaidi, akanieleza, wanaikata vipande papo hapo ili iingie kwenye gunia. Kitako cha mti walikiacha, na mpishi wa shule akakitia motoni.

Nilirudi nikamkuta mama amekaa palepale. Nilimwambia yote. Halafu nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu siku ya kikao, njiani, kitandani, kaburini.

"Alinikasirikia?"

"Nani, baba yako?" Mama alishangaa. "Alirudi siku ile akaniambia, mtoto ana akili, ameona kitu ambacho mimi sikuona miaka yote, kwamba fundi hasa asingekosea vile." Akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya. "Ndiyo maana aliacha kazi. Watu walikuja na karai zao, na mabomba, anawaambia wapeleke senta, kule kuna mafundi."

Mimi muda wote ule nilidhani ni ugonjwa.